Tovuti za serikali zipangwe kwa shida ya mwananchi, sio kwa majina ya idara

Mhariri, salamu toka Mwanza. Naomba nafasi niongee na wanaosimamia tovuti za serikali, hasa za halmashauri huku kanda ya ziwa.

Ukitaka kujua kama tovuti inafanya kazi usiangalie imependeza vipi, nenda steshenari yoyote pale Kirumba ukae pembeni uangalie. Utamkuta mama anayeuza dagaa Mwaloni, ana simu ya kupangusa, bando analo, lakini anamlipa kijana wa steshenari amtafutie utaratibu wa leseni kwa sababu yeye katafuta hajaona. Na sio kwamba simu haijui, wateja wake anaongea nao WhatsApp kila siku, shida ni kwamba ukifungua ukurasa wa mbele unakutana na picha za viongozi zinapishana, hotuba, ziara, halafu menyu yote ni majina ya idara na vitengo. Sasa mama wa watu atajuaje leseni yake iko idara gani? Yeye anachojua anataka kuuza dagaa, basi.

Halafu matangazo, hili ndo linaniuma zaidi. Barua inachapwa kwenye kompyuta, inaprintiwa, inagongwa muhuri, inaskaniwa imelala upande, ndo inapandishwa kama pdf. Humo ndani maneno yote yameshakuwa picha, ukisachi hupati kitu, asiyeona ambaye simu yake humsomea maandishi anaambulia ukimya, na mtu wa Ukerewe kwenye mtandao wa kusuasua anasubiri faili lifunguke mpaka anakata tamaa. Wakati yale maneno yangeandikwa kwenye ukurasa wenyewe, mistari michache tu, kila mtu angesoma.

Wenzetu Marekani mwaka 2018 walipitisha sheria kabisa kwamba tovuti za serikali kuu zifunguke vizuri kwenye simu, wenye ulemavu wazitumie, na zitengenezwe kwa kufuata mahitaji ya watumiaji. Uingereza nao tangu 2012 wana tovuti ya GOV.UK, wizara zimekusanywa sehemu moja, na kanuni yao ya kwanza ni kuanza na mahitaji ya mtumiaji. Sisi tuna Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, tuna eGA yaani Mamlaka ya Serikali Mtandao, tuna *152*00#, namba ya kupata huduma za serikali kwa simu, ambayo hata kitochi kinaifungua, kwa hiyo msingi upo na nawapongeza kwa dhati. Ila huyu mtumiaji mwenyewe nani anamuuliza?

Ombi langu ni dogo na halihitaji mfadhili wala semina ya hotelini. Kabla ukurasa haujapandishwa, afisa tehama na afisa habari watafute watu kama watano, mvuvi, bodaboda, mwalimu wa Sengerema, mzee mstaafu, na asiyeona awepo, wawape simu waseme tu "tutafutie ada ya leseni ya biashara", kisha wakae kimya waangalie wanakwama wapi. Wasiwaelekeze! Palipowakwamisha parekebishwe, halafu waitwe wengine wajaribu tena. Na kila ukurasa uonyeshe umehuishwa lini na afisa gani anahusika nao, na namba ya simu inayopokelewa saa za kazi.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza