Yah: Malalamiko kuhusu kuunganisha rangi na kufuta maelezo ya vitofali vilivyotumika kwenye soko lenu

Kwa uongozi wa soko,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa muda mrefu, nanunua na nauza vitofali vya LEGO (vile vya plastiki vya kuchezea na kujengea) vilivyotumika kwenye soko lenu la mtandaoni, na ni mtu mzima, sinunulii mtoto, nanunua kwa sababu napenda hivi vitu na najenga mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu kanuni zenu mpya zimeandikwa kama vile sisi watu wazima hatupo kabisa, wakati ndo sisi tumelijaza hilo soko stoo kwa stoo, kipande kwa kipande, miaka yote hii.

Tangazo lenu lilikuja na mambo mawili kwa pamoja. Juu kulikuwa na shangwe za mifululizo mipya ya seti za LEGO, picha kubwa kubwa, rangi, na maneno ya kutukaribisha sisi "tuliokua na vitofali". Chini yake, kwa maandishi madogo, ndo mkaweka kanuni mpya za soko na zikaanza kufanya kazi hapohapo, hakuna aliyeulizwa. Nimezisoma zote mpaka mwisho. Nyingine naweza kuishi nazo, ila mbili zinaua kazi yote ambayo soko lenu lilikuwa linaifanya vizuri kuliko mahali pengine popote, na ndo nataka mnisikilize hapo.

Ya kwanza ni rangi. Mmechukua kijivu cha zamani na kijivu kipya mkaviweka kwenye jina moja, "kijivu", na kijivu cheusi vilevile, na kahawia ya zamani mmeitia pamoja na kahawia nyekundu. Mmeandika kwamba ni kurahisisha utafutaji. Jamani, hizi sio rangi moja! Mwaka 2004 LEGO wenyewe walibadilisha kijivu kikawa na ubluu ndani yake, kahawia nayo ikaelekea kwenye wekundu, na mashabiki walilalamika sana wakati ule kwa sababu ukiweka bamba (kile kipande bapa chembamba) la kijivu cha zamani pembeni ya kijivu kipya tofauti inaonekana kutoka upande wa pili wa chumba, yaani huhitaji taa wala miwani. Seti za ngome za miaka ya themanini karibu zote ni kijivu cha zamani. Vyombo vya anga vya mwanzo, kijivu cha zamani. Mtu anayetengeneza seti ya 1984 hawezi kutumia kipande cha 2010 ukuta ukabaki ukuta, unakuwa na mabaka mabaka.

Sasa fikirieni nani anakuja sokoni kwenu akitafuta kijivu. Mwaka 2022 LEGO walitoa Galaxy Explorer mpya ya vipande 1,254, kwa ajili ya kukumbuka chombo cha 1979 ambacho kilikuwa na vipande mia tatu na kitu tu. Mwaka huohuo wakatoa Lion Knights' Castle, vipande 4,514, kwa watu wa ngome za zamani. Seti nzuri sana zote mbili, nazipenda, sina neno nazo. Lakini mtu akishamaliza kujenga ile mpya anafanya nini? Anakwenda kutoa boksi la zamani alilolifungia, anakuta chombo chake cha utotoni kimepungua bamba mbili za bawa, kioo kimoja cha njano hakipo, kofia ya mwanaanga imekatika kamba ya kidevuni (zile kofia za kwanza kamba yake ilikuwa nyembamba, zimekatika nyingi mno, za baadaye wakaziongezea unene), na anataka kukirudisha kama kilivyokuwa. Huyo ndo mteja ambaye mfululizo mpya unawaletea. Na akifika kwenu leo akaandika "kijivu" anapata rundo ambalo nusu yake halimfai na hana namna ya kujua ni nusu ipi, anaagiza, anasubiri posta, anafungua bahasha, rangi sio.

Halafu mnasema muuzaji ndo arudishe hela na gharama ya kutuma juu yake. Muuzaji aliandika kweli kabisa kwamba ni kijivu, kwa sababu ndo jina pekee mlilomwachia! Kosa la orodha yenu anabeba mtu mwenye droo zake za vitofali nyumbani.

Ya pili naona ni mbaya zaidi ya rangi. Mmefuta sehemu ya maelezo kwenye vitu vilivyotumika. Zamani muuzaji alikuwa anaandika pale chini: kina mkwaruzo upande mmoja, kimegeuka njano kidogo, kinashika vizuri, chapa ya kifuani imefifia lakini inasomeka. Mstari mmoja tu, lakini ndo ulikuwa biashara yenyewe. Sasa hivi mtu anachagua "kipya" au "kilichotumika", basi, na picha ni ileile ya katalogi kwa kila muuzaji.

Kilichotumika ni neno pana mno kwa hivi vitu. Vitofali vya kabla ya 1963 vilitengenezwa kwa selulozi aseteti, ambayo inapinda kadiri miaka inavyokwenda, ndo maana LEGO wakahamia plastiki ya ABS. Kwa hiyo kitofali cha 1960 na cha 2020 vyote ni "kilichotumika" kwenye fomu yenu, kimoja pengine hakikai hata sawa juu ya mwenzake. Nyeupe, bluu na kijivu vikikaa kwenye jua vinabadilika vinakuwa na umanjano. Kahawia nyekundu ya miaka fulani inajulikana na kila mtu anayejenga kwamba ni kavu, inapasuka ukiibana, hasa vile vipande vya kushikilia, na muuzaji mwaminifu alikuwa anakwambia kabisa "hii ni ya ile miaka, nimeijaribu, haijapasuka". Mabamba makubwa yanapinda. Miili ya vijitu, yaani vile vinyago vidogo vya watu vya LEGO, inapata ufa mwembamba ubavuni, chini ya kwapa, ufa ambao kwenye picha ya katalogi huwezi kuuona milele. Kipande kilichochapwa na kipande chenye stika sio kitu kimoja, na stika iliyoanza kunyanyuka pembeni sio sawa na stika iliyobandikwa jana.

Hivi vitofali vinathaminiwa kwa vipimo vya ajabu, kutoka katikati ya kinundu kimoja cha juu hadi katikati ya jirani yake ni milimita 8, kitofali kina kimo cha milimita 9.6, mabamba matatu yakipangwa yanafikia kitofali kimoja, na kwa sababu ya usahihi huo kitofali kilichotoka 1978 kinashikana na cha mwaka huu. Mnajua raha ya kitu hicho? Miaka zaidi ya arobaini katikati na vinabana. Lakini kipande kilichochakaa vinundu hakibani tena, na mtu anayejenga mnara anahitaji kujua hilo kabla hajalipa, sio baada ya mnara kumlalia mezani. Muuzaji anajua. Anakishika mkononi. Nyie mmemzuia kusema.

Na kuna watu nyuma ya ile katalogi mliyoipangua. Zile tofauti za rangi, zile aina za kipande ambazo kwa macho ya haraka zinafanana lakini moja ina tundu chini na nyingine haina, zile namba za kalibu za kiwandani, hazikuletwa na kampuni. Waliandika mashabiki kwa kujitolea, usiku baada ya kazi, wakipima, wakipiga picha, wakibishana kwa heshima mpaka wanakubaliana kwamba ndiyo, hizi ni aina mbili. Wameifanya hiyo kazi miaka mingi bila kulipwa chochote kwa sababu waliamini mtu mwingine, popote alipo, siku moja atahitaji kujua. Mmeifuta kwa kubonyeza kitufe kimoja na hamkuwaandikia hata barua ya kuwaambia. Hilo limeniuma kuliko hela.

Nyingine nazipitia haraka. Kukata kamisheni mpaka kwenye hela ya posta sio haki, kwa sababu ile hela muuzaji haimbakii, anaikabidhi posta yote, na nyie mnaikata kama faida yake. Wauzaji wadogo wanaotuma bahasha yenye vipande vinne ndo inawakaba, wenye maghala makubwa watavumilia.

Utafutaji nao siku hizi unaanza na seti mpya. Nikiandika bamba la sita kwa nane naletewa kwanza maua ya vitofali, magari ya Formula 1, meli za katuni ya One Piece, mifululizo ambayo inauzwa kila duka na haihitaji msaada wenu. Siichukii. Ile ya maua iliyoanza 2021 imeleta watu wengi sana kwenye hii hobi ambao wasingekuja kamwe kwa ajili ya ngome au roketi, na nawafurahia, tunajenga nao. Ila mtu aliyeandika jina la kipande anataka kipande, mpeni kipande.

Halafu mmeruhusu vitofali vya kampuni nyingine vinavyoendana na LEGO viwekwe kwenye orodha ileile. Kuvitengeneza ni halali, hataza ya kitofali ile ya 1958 iliisha zamani na Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 2010 ilikataa umbo la kitofali liwe alama ya biashara, kwa hiyo sina ugomvi na anayevitengeneza wala anayevinunua, wengine wanatengeneza vizuri tu. Ninachotaka ni viandikwe. Viwe na orodha yao na filta yao, mtu achague akijua. Saa hizi vinatokea katikati ya vingine na sehemu ya maelezo ndo hiyo mmeifuta, sasa muuzaji aseme wapi kwamba hiki sio LEGO?

Niliwaandikia meseji kuhusu haya yote. Nikajibiwa na mashine, ikanishukuru, ikanitumia linki ya kanuni zilezile ninazolalamikia. Nikaandika tena, ikanijia linki ileile. Wauzaji wawili niliokuwa nanunua kwao tangu zamani wamefunga stoo zao, mmoja alikuwa na vioo vya njano vya mfululizo wa anga kuliko mtu yeyote ninayemjua, na alikuwa anaandika kwenye kila kimoja kimekwaruzwa wapi. Alinambia hawezi kuuza kitu ambacho haruhusiwi kukielezea, halafu kikirudishwa alipe yeye. Sikuwa na la kumjibu kwa sababu ana haki kabisa.

Sasa ninachoomba, na naomba kwa uzito wote:

Rudisheni rangi kama zilivyokuwa, kila moja kwa jina lake. Kama mnaogopa mgeni atachanganyikiwa wekeni kitufe cha "onyesha kijivu zote" kwa anayetaka, mgeni apite huko, na sisi wengine mtuachie tofauti zetu. Kazi ya kuzitenganisha ilishafanywa, data mnayo, hamuanzi upya.

Rudisheni sehemu ya maelezo kwenye vilivyotumika, na muuzaji aruhusiwe kuweka picha yake mwenyewe ya kipande chenyewe. Kwa vijitu na vipande vilivyochapwa mimi ningesema picha iwe lazima kabisa, lakini hilo tunaweza kuzungumza.

Simamisheni ile kanuni ya kurudisha kwa gharama ya muuzaji mpaka rangi na maelezo virudi, na wale ambao tayari wamekatwa hela kwa oda za kijivu na kahawia tangu kanuni zianze warudishiwe. Kumbukumbu za oda mnazo nyie, sio kazi ya muuzaji kuleta ushahidi wa kosa la orodha yenu.

Na waandikieni wale waliojitolea kwenye katalogi. Waelezeni kilichotokea, waombeni radhi, na kabla ya kugusa tena jina la rangi au aina ya kipande waulizeni kwanza, wanajua kuliko mimi na kuliko mtu yeyote ofisini kwenu.

Stoo yangu nimeisimamisha kwa sasa, sijaifuta. Vitofali vyangu vya kijivu cha zamani vyote nimevitenga kwenye droo zake na nimeviandika karatasi, hali ya kila kimoja, na nitavirudisha sokoni siku mtakaponipa mahali pa kuandika hayo maelezo. Nikiona kanuni zimebaki hivihivi hadi mwisho wa kipindi changu cha malipo ya akaunti, nitaifunga na kudai salio langu lote lililoko kwenu.

Naomba jibu la barua hii litoke kwa mtu anayehusika na katalogi, mwenye mamlaka ya kubadilisha, na liseme wazi ni lini rangi zinarudi.

Wenu,
Mnunuzi na muuzaji wa vitofali vilivyotumika