Eunice, Kabla Hamjahamia Ahero

Langalanga, Nakuru

Mwanangu Eunice,

Salamu katika jina la Bwana. Huku hatujambo, ila goti la baba yako limerudia palepale, na ametangaza kwamba habebi tena viti vya kanisa. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Unaniitikia "sawa mama, sawa mama" huku nasikia unakoroga sufuria.

Ni kuhusu ile wiki mwanao Baraka alipochemka kwa homa. Usiku wa kwanza uliwauliza wenzako wa kikundi cha maombi kwenye simu. Kulipokucha ukamuuliza mke wa mchungaji, halafu jirani, halafu yule kijana wa duka la dawa aliyekuuzia sirapu bila hata kumgusa mtoto. Mimi mama yako nikaambiwa wa mwisho, usiku wa pili, na nilikuambia neno moja tu: hospitali. Ikawa ni sikio, tukamshukuru Mungu. Lakini mwezi ujao mtakuwa Ahero, kule Kisumu, na joto la namna hiyo kule huenda lisiwe sikio.

Nakuru tuko juu, karibu mita 1,850, na baridi hii tunayoilalamikia ndiyo inayotupunguzia mbu. Baraka amezaliwa hapa, mwili wake haujawahi kukutana na malaria. Wako pia haujaizoea, usijidanganye. Shemeji zako waliokulia tambarare ya Kano wanaweza kuumwa kichwa siku moja na kesho yake wakaamkia shambani. Wewe ugonjwa uleule utakulaza. Kule kuna mashamba ya mpunga, mifereji ya maji, na Nyando ikifurika maji hukaa mpaka uani. Mtoto akichemka usingoje kuche. Usingoje Baba Baraka atoke kazini. Usingoje maombi yaishe. Mbebe, mtaomba njiani.

Najua mmoja wenu kwenye kile kikundi alisema ukimpeleka mtoto hospitali kwanza umeonyesha imani ndogo. Ulinisomea mwenyewe huku ukicheka, lakini hukumjibu. Luka aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa, na sijasoma mahali alipoambiwa aache utabibu ndipo aandike. Na Shakahola, kule Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri walifunga hadi kufa, tuliiona sote mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa, watoto wakiwa wengi. Sisemi mwenzako yuko huko. Nasema wale nao walianza kwa kumsikiliza mtu mmoja ambaye hakuna aliyethubutu kumuuliza swali.

Wewe huniuliza mimi nilipokuwa nawalea nilimuuliza nani. Nilikuwa na Umoja wa Akina Mama, na Paulo alimwagiza Tito wanawake wazee wawafundishe wanawake vijana. Hakusema kila mwanamke mzee ana akili. Pale kanisani palikuwa na mama mmoja muuguzi, sasa amestaafu, na huyo hakuwahi kuniambia "Mungu amenionyesha". Ukimwendea na mtoto alikuuliza: amenyonya? Amekojoa lini? Anatapika kila kitu au kidogo? Akishika kiganja chake akitazama kama kimekuwa cheupe. Wengine wote walikuwa na majibu kabla hujamaliza kueleza. Basi wewe mtazame anayekushauri. Kama hajakuuliza chochote, mshukuru, halafu umtafute mwingine.

Mama mkwe wako ni mtu mzuri, nampenda, na alipokuja kwa mahari alinisalimu kama dada. Msikilize kwa mambo ya nyumba, ya shamba, ya jinsi ya kuishi na ukoo wa mume. Akitaka kumwogesha Baraka maji ya manyasi, yale ya mitishamba, sitapigana naye kwa barua. Lakini akisema mtoto ana meno ya plastiki, yaani meno machanga yaliyo bado ndani ya ufizi, yang'olewe, au kikohozi hakiishi kwa hivyo akatwe kimeo, hapo kataa kwa adabu na usimwache mtoto peke yake siku hiyo. Usiseme ni mambo ya Waluo. Wewe ukifungua mdomo daktari akikuuliza kimeo chako kiko wapi, utamwambia nini? Nyanya yako aliyezaa baba yako ndiye aliyeshikilia, na enzi hizo mtu hakubishana na mama mkwe.

Sasa chanjo. Kule kuna chanjo ya malaria ambayo hapa Nakuru kliniki haina. Ilianza kutolewa Homa Bay mwaka 2019, Kenya ikiwa nchi ya tatu baada ya Malawi na Ghana, na Kisumu imo katika kaunti zinazoipata. Hutolewa miezi 6, 7, 9, na ya mwisho akishapita mwaka. Baraka ana miezi minane, amepitwa na mbili za mwanzo, kwa hivyo wiki ileile mkifika nenda kliniki na kijitabu chake umuulize muuguzi ataanzia wapi. Usimuulize mtu wa kikundi. Hata akidungwa, neti ni lazima kila usiku. Ile mpya itundike kivulini siku nzima kwanza, ukiifua usitumie sabuni kali, na usiianike juani. Na mtu asikuombe ya kufunikia vifaranga.

Ulizia mapema mhudumu wa afya ya jamii wa hapo kijijini ni nani na nyumba yake iko wapi. Wengi kule ziwani huwa na kile kipimo cha kutoboa kidole. Kikionyesha malaria, dawa yake, AL, humezwa siku 3, asubuhi na jioni. Mpe akishanyonya, na usiikatishe kwa sababu amechangamka siku ya pili. Lakini akipata degedege, akikataa kunyonya, au akilegea kama nguo, hapo hakuna cha mhudumu wala duka la dawa. Hospitali ya Ahero iko hapohapo mjini. Wakishindwa watawapeleka Kisumu, ile kubwa ya Jaramogi ambayo wenyeji huiita Russia. Weka nauli ya bodaboda ndani ya Biblia, mahali ambapo hutaikopa kununulia nyanya.

Kuhusu wewe na mumeo sina mengi. Mlifundishwa na mchungaji kabla ya harusi, na nilifurahi, ila mambo ya pesa sikusikia mkifundishwa. Muulize kama jina la Baraka liko kwenye SHA yake, ile bima ya afya. Asiseme "nitaangalia", alionyeshe kwenye simu. Cheti cha kuzaliwa kibebe wewe mwenyewe, si kwenye lori. Na mkikosana usilipeleke kwenye kikundi kama ombi la maombi. Ombi la namna hiyo hufika hapa Langalanga kabla ya amina. Ile ya Februari ilinifikia, na nilinyamaza.

Nakusifu kwa jambo moja ambalo sijawahi kukuambia: ulimnyonyesha mtoto miezi 6 mitupu huku kila mtu akikuambia maziwa hayatoshi, na mimi nikiwa mmoja wao. Angalia alivyonona. Huko uji wake mtilie omena iliyosagwa, kule ni rahisi, na maji ya kunywa uchemshe.

Tangi letu linavuja tena pale chini. Fundi amekuja, ameangalia, ameomba pesa ya chai, hajarudi. Mdogo wako anasema shule imeongeza hela ya chakula, nami sijaamini mpaka nione karatasi. Viazi nimekuwekea nusu gunia, ila mje mvichukue kabla havijaota. Jerikeni ya bluu uliyochukua Pasaka irudishe, ni ya jirani. Mwambie Baba Baraka bei ya lori wapatane kabla ya kupakia, yule dereva wa mara ya mwisho aliongeza bei tulipofika Mau Summit.

Mkifika nitumie namba ya yule mhudumu. Ya kwanza kabisa, kabla ya picha za nyumba.

Mimi mama yako