Risala ya wanafunzi wa mifugo kwa mgeni rasmi: wiki zetu sita kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wetu wa chuo, walimu wetu, wazazi na walezi mliofika, wanafunzi wenzangu, habari za asubuhi na karibuni sana.

Mgeni rasmi tunakushukuru kwa kuacha kazi zako na kuja kukaa na sisi leo. Risala hii tumeiandika wanafunzi wenyewe, tumetoka fildi juzi tu na ovaroli bado zinanuka zizi, wenzangu wakasema nisome mimi kwa sababu katika kundi zima mimi ndo nilikua sijawahi kumshika ng'ombe kwa mkono wangu kabla ya hapo.

Darasani nilikua vizuri. Najua tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, najua mimba yake inaenda kama siku 280, maswali ya lishe nilikua napata yote. Alafu siku ya kwanza, saa kumi alfajiri, giza bado, nikakalishwa kwenye kistuli ubavuni mwa ng'ombe wa kilo kama 500 nikaambiwa haya kamua. Nikavuta chuchu, hakuna kitu. Nikavuta tena kwa nguvu, ng'ombe akarusha mguu ndoo ikaenda kule, na mimi kwa kushtuka nikapiga kelele, basi ndo nikaharibu kabisa, maana yule ng'ombe aligoma kutoa maziwa asubuhi ile yote.

Mzee mmoja mkamuaji wa pale shambani hakunigombeza. Alisubiri ng'ombe atulie, akamwongelesha taratibu, akamfuta kiwele kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, kitambaa cha ng'ombe huyo peke yake, akakausha, akawa kama anakikanda kiwele hivi. Akaniambia weka mkono hapa, nikaweka, nikasikia chuchu zinajaa na kuwa ngumu chini ya vidole vyangu. "Saivi anashusha," akasema. Alafu akanionyesha: sio kuvuta, ni kubana, kidole gumba na cha shahada vinafunga juu ya chuchu ili maziwa yasirudi kwenye kiwele, vidole vinavyobaki vinabana kimoja baada ya kingine kushuka chini. Mgeni rasmi, mlio wa maziwa ya kwanza kugonga ndoo tupu siwezi kuusahau.

Jioni ndo nikafungua daftari nikaelewa nilichokua nimekariri. Ukimkanda kiwele taarifa inaenda kwenye ubongo, ubongo unaachia homoni ya oksitosini, inapita kwenye damu kama dakika moja hivi mpaka kwenye kiwele, inaminya maziwa yashuke, na nguvu yake haikai sana, dakika tano mpaka nane basi, kwaio ukishamwandaa alafu ukaenda kupiga stori umepoteza. Na ng'ombe akiogopa mwili unamwaga adrenalini inayozuia kazi yote hiyo. Yaani kelele yangu moja iliyafungia maziwa ndani. Hili nililisoma muhula mzima, nilikuja kulijua kwa mguu wa ng'ombe.

Kuna kitu kingine nimeombwa na wenzangu nisikifiche, na mimi mwenyewe nataka kukisema. Wiki ya pili kulikua na ng'ombe anatibiwa ugonjwa wa kiwele. Huwa unakamua michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi unaangalia kama kuna mabonge au majimaji, na yule robo moja ya kiwele chake ilikua inatoa mabonge kama maziwa yaliyoganda, ukigusa kuna moto na yeye anaumia. Akawekewa antibayotiki, akafungwa utepe mwekundu mguuni, na ubaoni ikaandikwa maziwa yake yasichanganywe mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Utepe ukadondoka kwenye matope. Mimi asubuhi sikusoma ubao, nikamkamua, nikamimina kwenye keni na ya wenzake.

Keni nzima ilimwagwa, lita 40. Nilisimama pale naangalia yanaingia kwenye mtaro, na nyuma ya kila lita nilikua naona ndoo za maji zilizobebwa, maana ng'ombe anahitaji lita tatu nne za maji kwa kila lita moja ya maziwa, na majani yaliyokatwa juani na watu walioamka usiku. Lakini wakubwa wa shamba walikua sahihi kabisa kumwaga, kwa sababu mabaki ya dawa hayaondoki kwa kuchemsha tu, yangemfikia mtoto wa mtu, na hata aliyetaka kugandisha maziwa yale angeshangaa hayagandi maana dawa inaua vijidudu vinavyogandisha. Toka siku ile mimi naanza na ubao ndo naenda kwa ng'ombe.

Mambo ya kulisha, kusafisha banda na kuandika rekodi tulifanya kila siku, sitakuchosha nayo mgeni rasmi, ila kwa rekodi niseme tu kwamba daftari la shamba ndo kumbukumbu ya ng'ombe, yeye hawezi kukwambia jana alitoa lita ngapi.

Usiku wa kuzaa ndo nataka niuseme. Ilikua kama saa nane za usiku, ndama alitoka miguu ya mbele na pua kama inavyotakiwa, tukamfuta kamasi puani, mama akaanza kumlamba, kitovu tukachovya kwenye ayodini. Mimi nikadhani tumemaliza, nikawa nimekaa. Msimamizi akasema kazi ndo inaanza, dang'a iko wapi? Ndama wa ng'ombe anazaliwa hana kinga, mama yake hakumpa kinga akiwa tumboni, kinga yote iko kwenye hiyo dang'a, yale maziwa ya mwanzo, mazito, ya njano, na utumbo wa ndama unaipokea vizuri masaa machache tu ya mwanzo, kila saa mlango unazidi kujifunga na ikifika masaa 24 umefungwa. Kwaio apate mapema ndani ya masaa sita, na kiasi kama asilimia 10 ya uzito wake, wetu alikua na kilo 35 maana yake lita tatu na nusu. Alikua hawezi kusimama. Tukamkamua mama, nikaweka kidole kwenye mdomo wa ndama, ulimi unakwaruza kama msasa, mara akaanza kunyonya kidole, tukamtelezeshea chuchu ya chupa. Alivyomaliza nje kulikua kunapambazuka na hakuna aliyekumbuka usingizi.

Sasa mgeni rasmi, naomba nifike kwenye kilio chetu. Wiki sita hazitoshi. Ng'ombe anaingia kwenye joto, yaani anakua tayari kupandwa, kila baada ya siku 21 hivi, maana yake kwa wiki sita tumeliona joto la ng'ombe mmoja mara mbili tu, na kila mara ni masaa tu, wengine wanaingia usiku tukiwa tumelala. Wiki ya nne kuna mtamba mmoja, jike ambaye hajazaa bado, alionekana asubuhi anasimama kupandwa na wenzake, jioni yake mtaalamu akaja akampandisha kwa mirija, yaani akamwekea mbegu za dume kwa mrija, sisi tumesimama tunaangalia kila hatua. Siku ya 21 ndo ya kuangalia kama atarudi kwenye joto au ameshika. Siku hiyo sisi tulikua tushapanda gari kurudi chuo.

Tunaomba utusaidie kutusemea fildi iwe angalau miezi mitatu, na igawanywe turudi shamba lile lile kwa awamu, ili mwanafunzi amfuate ng'ombe mmoja toka anapandishwa, anakaushwa, yaani anaachwa kukamuliwa, miezi miwili kabla ya kuzaa, mpaka anazaa. Pia tunaomba vifaa, tulikua wanafunzi 12 na kipimajoto kimoja, gambuti tunapokezana, na dawa ya kupimia ugonjwa wa kiwele iliisha wiki ya kwanza tukabaki na macho. Na bima ya wanafunzi wakiwa fildi, kuna mwenzetu alikanyagwa mguu akajitibia mwenyewe.

Tunawashukuru walimu wetu waliotufuata mpaka zizini, na wale wakamuaji waliotuvumilia kila alfajiri, wao ni walimu wetu pia na tunaomba siku nyingine waalikwe wakae mbele hapa.

Yule mtamba, kama ameshika, atazaa mwakani. Sisi tunaomba tuwepo.

Mgeni rasmi, naomba kuwasilisha.