Mto Mlalakuwa tuanze na vyoo jamani

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni mkazi wa Mwenge, Dar es Salaam, na Mto Mlalakuwa naukatiza karibu kila siku, ule unaoteremka toka maeneo ya Chuo Kikuu unapita huku kwetu na Mikocheni mpaka unaingia baharini. Ni mto mdogo, kiangazi kuna sehemu unavuka bila kuvua viatu.

Watu wanasema umeshakufa, mimi nakataa. Zaidi ya miaka 10 iliyopita kulikuwa na mradi wa kuufufua, walikuwemo GIZ (shirika la maendeleo la Ujerumani), Manispaa ya Kinondoni, NEMC (baraza la taifa la mazingira), ofisi ya maji ya Bonde la Wami/Ruvu, makampuni na wananchi wenyewe, na kweli kazi ilifanyika. Ila taka zinarudi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafagia vizuri kabisa halafu wengine wanasukumia uchafu mtaroni, na mtaro unaenda wapi kama siyo mtoni?

Lakini kinachoniuma zaidi siyo chupa za plastiki, ni kutapisha vyoo. Mvua kubwa ikianza tu usiku kuna watu wanafungulia karo, yote yanaenda na maji, asubuhi watoto wa shule wanapita humohumo. Kipindupindu kikija tunaanza kushangaa. Nilimuuliza jirani mmoja kwa nini anafanya hivyo, akaniambia gari la majitaka haliingii kichochoroni kwake, na hata lingeingia ile hela hana. Nilikosa la kumjibu, maana ni kweli, ukimpiga faini huyo mwakani atatapisha tena.

Sasa ombi langu kwa manispaa, zipo pampu ndogo za mkono za kunyonyea vyoo, mzigo unabebwa na guta mpaka kwenye mabwawa ya majitaka, Temeke walishazitumia. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri wapeni vijana wa mitaa ya kandokando ya mto wanunue hizo pampu, bei ipangwe kwenye mkutano wa mtaa ili mpangaji wa chumba kimoja naye aimudu. Na zile mita 60 toka ukingo wa mto ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka ziachwe wazi, pale ambapo bado hapajajengwa tupande matete na mianzi mapema kabla mtu hajamwaga kifusi.

Mvua hazisubiri. Mwenyekiti wetu wa mtaa akiitisha kikao hata kesho nitakuja, na yule jirani nitakuja naye.

Mkazi wa Mwenge,
Dar es Salaam