Nyama si sifongo

Mhariri,

Nipe nafasi niwaambie akina mama wenzangu kabla hawajatoa pesa zao. Mwanangu aliniletea mtambo wa kuroweka nyama: kasha la plastiki lenye kifuniko na pampu ndogo ya umeme inayofyonza hewa. Muuzaji alimwapia kuwa kwa dakika 20 viungo vinafika hadi katikati, hakuna tena kulaza nyama.

Mimi nauza mishkaki jioni hapa Majengo, mwaka wa 19 huu. Sikumbishia, kijana katoa pesa yake. Nikanunua Marikiti kilo moja ya paja, nikaikata mapande kiasi cha ngumi. Thomu, tangawizi, ndimu, chumvi, na bizari ya manjano nyingi makusudi, rangi inionyeshe ilikofika. Nusu mtamboni, nusu kwenye bakuli langu la siku zote. Pampu ikalia, povu likapanda kama chai inayotaka kumwagika. "Mama, waona yaingia hiyo!" Kumbe povu ni hewa inayotoka.

Dakika 20 zilipotimia nikapasua pande. Manjano imekomea juu, unene wa ukucha, ndani nyekundu vilevile. Nikapasua la bakulini: ukucha uo huo.

Nyama mbichi isiyo na mafuta, karibu robo tatu yake ni maji, si matundu ya hewa. Ukiifyonza hewa, viungo vipite wapi? Kinachozama ni chumvi, nayo huenda kwa masaa, haisukumwi na pampu. Viwandani mitambo hii ipo, lakini yale ni mapipa yanayozunguka na kuipigapiga nyama, na kazi kubwa iko kwenye kule kupigwa.

Kwa mishkaki mimi nategemea kisu: vipande vidogo, na papai bichi kidogo la kuparwa. Papai nalo lataka adabu. Ukililaza usiku kucha, nyama inakuwa uji juu na ndani ngumu. Niliharibu kilo nne hivyo, tena za arusi ya jirani. Naona haya mpaka leo.

Lakini lililonishikisha kalamu ni jingine. Kijikaratasi cha maelezo hakikutaja friji hata mara moja. Shoga yangu, naye kanunua wake, alikuwa akiuacha mezani kuanzia asubuhi mpaka alasiri, joto hili letu, akiamini pasipo hewa nyama haiozi. Kutoa hewa hakuui vijidudu, na vingine hustawi papo hapo pasipo hewa. Wauzaji waandike wazi, kwa Kiswahili: nyama ikae frijini, nyuzi 4 au chini. Na stima ikipotea kutwa, msiiamini kwa kuwa haijatoa harufu.

Mwanangu alirudi dukani, akaambiwa pesa hairudishwi. Kasha sikulitupa. Natilia bizari, na unyevu huu wa pwani hazinigandi tena.

Mama wa mishkaki,
Majengo, Mombasa