Taarifa ya Mwenyekiti wa chama chetu cha Waswahili kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2012, Muscat, Oman

Wazee wetu, kina mama na ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Nawashukuru mliofika. Viti vilivyokodiwa ni themanini, na vilivyo vitupu mnaviona wenyewe.

Shughuli za kawaida mnazijua. Futari ya pamoja ilifanyika, Idi tuliisherehekea Seeb, misiba tuliichangia, na darasa la Kiswahili la watoto liliendelea mpaka mwalimu alipohamishiwa Salalah. Hapo sina la kuongeza.

Lililosemwa sana mwaka huu, na kwenye simu zaidi kuliko mbele yangu, ni ile ziara ya Jumba la Opera la Kifalme pale Shati Al-Qurum. Inasemwa kuwa mwenyekiti alichukua fedha za pikiniki ya pwani ya Sawadi akazipeleka kwenye mambo ya Wazungu, tena peke yake. Muhtasari wa kikao upo. Wajumbe watano walihudhuria, wanne wakakubali. Wa tano anajijua.

Sababu zangu ni hizi. Jumba lilifunguliwa tarehe 12 Oktoba 2011 kwa opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ya Puccini, Turandot, na aliyeongoza muziki ni Plácido Domingo. Msimu huohuo wakaja waimbaji Andrea Bocelli na Renée Fleming. Watu wanapanda ndege kuja kuliona, na sisi tunaokaa Al Khuwair tunalitazama kwa dirisha la gari tukienda kazini. Sawadi tumekwenda kila mwaka. Bahari ile haijahama.

Waliokuja wataniunga mkono. Waliona marumaru, dari za msaji zilizochongwa, na ukumbi wa watu 1,100 ambao kila kiti kina kioo kidogo cha kusomea tafsiri ya maneno yanayoimbwa. Waliona kinanda cha mabomba 4,542 kilichotengenezwa na Klais wa Bonn, Ujerumani. Kinanda hicho kimo ndani ya ganda la jukwaa lenye uzito wa tani 500, na ganda lote hutembea juu ya reli: likisogezwa mbele ni ukumbi wa muziki, likirudishwa nyuma ni jukwaa la opera. Hapo hata waliokuja wamenuna walitoa simu wakapiga picha.

Wapo wanaosema opera si yetu. Wenye hoja ya dini nawaheshimu, na wala si wao waliolalamika. Wengine nawauliza: hiyo taarab mnayotunzia harusini, ganuni na fidla zake zilitoka wapi? Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alimtuma mtu Misri akajifunze, na ilipofika 1905 Unguja ilishakuwa na kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa. Wazee wetu hawakuuliza ni ya nani. Walikaa wakasikiliza.

Sasa hiyo inayoitwa hasara. Basi la viti hamsini nililitafuta mwenyewe, na bei nikaipunguza mwenyewe, jambo ambalo sijasikia likitajwa. Walijiandikisha 46. Alhamisi asubuhi, siku ya mapumziko ya sote, walipanda 19. Mwenye basi hapunguzi nauli kwa kiti kitupu. Na wawili kati ya hao 19 walizuiwa mlangoni kwa sababu ya kaptula, ilhali ujumbe wa mavazi niliutuma mara mbili. Kwa hiyo anayetaka kujua fedha zilipotea wapi aanze na wale 27 waliobaki kitandani.

Fedha kwa jumla: mapato riali 1,180, yaani ada 540 na michango 640. Matumizi riali 1,096, pamoja na ziara riali 165. Salio 84. Wanachama tuko 112 na ada ni riali 12. Waliolipa ni 45. Nimepitia majina. Wengi wa wanaoulizia fedha za pikiniki hawamo kwenye hao 45.

Mwakani, Inshallah, tutajitahidi kupata mahali petu pa kudumu pa kukutania, na vijana tutawatafutia la kufanya. Pia natarajia siku moja tuingie Jumba la Opera usiku, kwenye onyesho lenyewe, tukipata tiketi za bei nafuu. Sawadi nayo itafikiriwa.

Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha risiti. Anapokea hata ada ya mwaka juzi.

Mwenyekiti