Mtaji umepatikana, nani atafundisha?

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Swali la kwa nini kikundi, chama au kampuni ndogo haikui limezoeleka kujibiwa kwa neno moja: mtaji. Hata mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, huzungumzwa hivyo hivyo, kana kwamba fedha zikitoka tu ukuaji utakuja wenyewe. Yupo profesa aliyelichimba swali hili akapata jibu lingine. Ni Edith Penrose. Hapa Tanga ni nadra kumsikia kwenye semina za ujasiriamali, nasi tunadhani ndiye angetufaa kuliko wengi wanaotajwa.

Alizaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1914, akasoma Chuo Kikuu cha California kule Berkeley hadi 1936. Miaka ya vita alikuwa London, kwenye ubalozi wa nchi yake. Udaktari aliupata Johns Hopkins mwaka 1951 chini ya mchumi Fritz Machlup, na mada yake ilikuwa mfumo wa kimataifa wa hataza, yaani haki za mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ambao na ukuaji wa kampuni ni mbingu na ardhi. Kilichombadilisha ni kuingia ndani ya kampuni moja ya baruti na kemikali, Hercules Powder, katikati ya miaka ya 1950, akatazama watu wanavyopanga, wanavyoajiri na wanavyokwama. Vitabu vya uchumi vya wakati ule viliichukua kampuni kama hesabu ya bei na kiasi. Yeye alikuta watu wanaojuana na kazi wanazozijua, akaona hilo ndilo la kuandikia.

Kutoka hapo alifundisha Australia, kisha Chuo Kikuu cha Baghdad kuanzia 1957 hadi 1959, akiwa huko wakati wa mapinduzi ya 1958. Kitabu chake kikuu kuhusu ukuaji wa kampuni kilitoka mwaka 1959. Baadaye alikuwa profesa wa uchumi London, katika chuo cha SOAS, tangu 1964, na mwishoni akafundisha chuo cha biashara cha INSEAD, Ufaransa. Alifariki mwaka 1996. Mwaka 1968 alitoa kitabu kingine, hicho kikihusu kampuni kubwa za mafuta ndani ya nchi zinazoendelea. Wenzetu wa Chongoleani, ambako bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, linaishia, wangefaidika kuanza na hicho. Barua hii inahusu kile cha kwanza.

Hoja yake ni hii. Kampuni haina kimo cha mwisho, ina mwendo. Na mwendo huo hupangwa na saa za watu wanaoijua kazi na wanaojuana wao kwa wao, kwa sababu hao ndio pekee wanaoweza kumpokea mgeni na kumfanya mwenzao. Fedha hununua mashine leo, na msomi mwenye cheti huajiriwa kesho, ila uzoefu wa kufanya kazi na watu hawa, mahali hapa, hauuzwi dukani. Kila msimamizi mpya hula muda wa msimamizi wa zamani. Ukileta wapya wengi kwa mpigo, wa zamani wanaacha kuendesha wanabaki kufundisha, au wanaendesha na wapya hawafundishwi. Ndiyo maana mwaka wa kupanuka haraka mara nyingi hufuatwa na mwaka wa kudorora. Wachumi huita jambo hili athari ya Penrose.

Tuchukue chama cha wafugaji wa maziwa, biashara ambayo mkoa wetu unaijua vizuri. Tuseme kina kituo kimoja cha kukusanyia, na tenki la kupoozea la lita 500 linalopokea lita 280 kwa siku. Meneja ana saa 45 kwa wiki, ndizo saa za kawaida za kazi kwa sheria yetu. Saa 36 zinakwenda kwenye kazi za kila siku: kupokea, kulinganisha daftari la kituo na stakabadhi za kiwanda, kulipa wafugaji, kusuluhisha. Zinabaki 9. Karani mpya anahitaji, tukadirie, saa 8 za meneja kila wiki kwa miezi miwili ya mwanzo, kisha saa 4 kwa miezi miwili mingine. Mkopo ukitosha vituo viwili vipya, chama hufungua viwili. Wiki ile ile saa zinazotakiwa ni 16 na zilizopo ni 9. Saba zitaibwa mahali, na kwa kawaida huibwa kwenye kulinganisha madaftari, kwa kuwa hakuna anayepiga kelele siku hiyo hiyo. Kelele huja mwisho wa mwezi, lita za daftari na lita zilizolipwa na kiwanda zikikataa kulingana.

Anayefikiri karani hufundishwa kwa siku mbili atazame laktomita, kile kifaa kinachoelea kwenye maziwa kuonyesha kama yametiwa maji. Iliyosawazishwa kwa nyuzi joto 20 husoma kati ya 28 na 32 kwa maziwa mazuri. Maziwa ya Tanga yakifika kituoni na nyuzi 30 yatasoma chini zaidi, labda 27, na karani mgeni atasema yametiwa maji. Aliyefundishwa huongeza 0.2 kwa kila nyuzi iliyozidi 20, yaani 2, akapata 29, akapokea. Kinyume chake nacho kipo: maziwa ya jana jioni yaliyolala kwenye friji, yakija na nyuzi 10 na kusoma 29, ukweli wake ni 27, na hapo ndipo pa kuuliza maswali. Na maziwa yaliyokamuliwa dakika hiyo bado yana hewa, nayo hushusha usomaji. Yaachwe yatulie kama nusu saa.

Hayo yote yanaandikika kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Penrose aliyaita maarifa yanayofundishika, akayatenga na uzoefu. Kipimo cha alkoholi ndicho kinachoonyesha tofauti. Mililita 2 za maziwa kwa mililita 2 za alkoholi ya asilimia 68, yakifanya madonge hayapokelewi. Karatasi inaishia hapo. Karani wa zamani anajua kwamba ng'ombe wa bibi yule amezaa juzi, haya ni dang'a, nayo huganda kwenye kipimo bila kuwa yameharibika. Anamrudisha kwa heshima na kumwambia aje baada ya siku kadhaa. Mgeni anamwambia mbele ya foleni kwamba maziwa yake mabovu. Mama huyo kesho atamuuzia mchuuzi wa bodaboda, na jirani zake watamfuata. Chama kimepoteza wafugaji, na kwenye taarifa itaandikwa "ushindani wa soko".

Tanga ina msemo wake wa kale, waja leo waondoka leo. Kwa mgeni mstaarabu ni sifa ya mji. Kwa meneja wa kuajiriwa kwa mkataba wa mwaka ni hesabu ya hasara, maana miezi minne ya kwanza amekula saa za wenzake, na akianza kuzirudisha anafunga mizigo.

Nusu ya pili ya hoja ya Penrose husahaulika hata na wanaomjua. Kinachoisukuma kampuni ikue, alisema, ni uwezo uliomo ndani usiotumika. Lile tenki lina lita 220 tupu, na umeme wake haupungui kwa nusu kwa kuwa tenki halijajaa. Kwa hiyo mwenyekiti anayetaka kukua hana tamaa, anaona kitu halisi. Ila kulijaza kwa wafugaji wa jirani wa kituo kile kile kunakula saa chache sana za meneja, na kufungua kituo kipya kunakula nyingi. Lijaze kwanza. Karani akishazoea, saa za meneja hurudi zenyewe, na hapo ndipo kituo cha pili kifunguliwe, cha tatu kisubiri hadi cha pili kitulie.

Nchi hii ililipia somo hili kwa gharama ya Waingereza. Mwaka 1947 mpango wa karanga ulianza Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, kwa lengo la zaidi ya ekari milioni 3 na makadirio ya pauni milioni 25. Matrekta yalinunuliwa, watu wakaajiriwa kwa mamia kabla hajapatikana wa kutosha anayejua udongo wa Kongwa unavyokuwa mgumu kama saruji ukikauka. Mwaka 1951 uliachwa, na hasara ikafutwa vitabuni kwa takriban pauni milioni 36. Mvua na udongo vina lawama zao, lakini fedha ndicho kitu ambacho mpango ule haukukosa. Mkonge wetu ulianza kinyume: miche 1,000 iliyoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ikasalimika 62 tu, ikaoteshwa Kikogwe karibu na Pangani. Zao zima lilianzia hapo, na lilisubiri miche izae miche.

Kwenye semina utamkuta zaidi Larry Greiner, msomi wa uongozi wa taasisi, aliyeandika mwaka 1972 kwamba taasisi hukua kwa hatua tano na kila hatua huishia kwenye mgogoro: wa uongozi, wa uhuru wa kuamua, wa udhibiti, wa urasimu, na wa tano akauachia alama ya kuuliza. Anapendwa kwa sababu anachoreka ubaoni. Anakwambia utaumwa nini, hakwambii utembee kwa kasi gani.

Penrose naye ana pengo kwetu. Aliandika kuhusu kampuni zenye mameneja wa mshahara, wakati vikundi vyetu huongozwa na kamati ya kuchaguliwa. Mkutano mkuu ukiing'oa kamati nzima kwa siku moja, uzoefu wote umetoka mlangoni, hata kama waliong'olewa walistahili. Wanaotumia utaratibu wa kubadilisha theluthi moja kila mwaka hubaki na watu wa kuwapokea wapya.

Maombi yetu mawili. Maofisa wanaopitia maandiko ya miradi hudai katiba, cheti cha usajili, akaunti ya benki na makadirio ya faida. Waongeze safu moja: nani atamfundisha mtu mpya, saa ngapi kwa wiki, na kazi yake ya sasa itafanywa na nani kwa muda huo. Safu ikibaki tupu, mkopo utolewe nusu, nusu nyingine ije baada ya miezi minne. Na waandishi wako, Mhariri, wakienda kupiga picha kituo kipya kinapozinduliwa, wapite pia kwenye kituo cha zamani na kuuliza daftari la mwezi ule limelinganishwa na nani.

Ni sisi wasomaji wenu,
Ngamiani, Tanga